Mbegu Huru

Hospitali ya wilaya ilijaa tangu wiki ya kwanza ya mafuriko, kwa hiyo wagonjwa wa Kyela walilazwa katika ghala la kakao la chama cha ushirika. Dk. Tusekile Mwakalobo aliingia humo saa nne asubuhi, akitokea moja kwa moja kwenye treni mpya ya Mbeya, amebeba kisanduku cha baridi chenye nembo ya Tibahai, kampuni aliyoifanyia kazi kwa miaka kumi na tano. Aliyempokea ni muuguzi mkuu wa kituo, Sista Subilaga, mama wa makamo ambaye sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuongea ndani ya barakoa mwezi mzima.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umeleta pipi za watu wangapi?"

"Arobaini, za siku tano kila mmoja."

Subilaga alikitazama kile kisanduku, kisha akazitazama safu za vitanda. "Nina wagonjwa mia mbili na kumi na wawili, Daktari. Nikuchagulie mimi hao arobaini, au utachagua mwenyewe?"

Walitembea pamoja katikati ya vitanda. Kila mgonjwa alikuwa amebandikwa kifuani kitambaa kidogo cha kupima joto, kijani kwa waliopoa, chekundu kwa waliokuwa na homa. Vya kijani vilikuwa vichache. Kwenye kitanda namba kumi na moja alilala mwanamke aitwaye Bupe, na mume wake, Ambakisye, alikuwa amekaa kwenye gunia tupu akimpepea kwa kipande cha boksi. Alikuwa mtu mnene mwenye viganja vyeusi kwa kakao, kwani ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchachushaji pale ushirika.

"Juzi alikunywa uji akamaliza bakuli," Ambakisye alisema kabla ya kuulizwa. "Alikaa. Akanicheka kwamba nimeota ndevu. Pipi zikaisha, na sasa mwone."

Kitambaa cha Bupe kilikuwa chekundu pyu.

Mlinzi, kama dawa ile ilivyoitwa, haikuwa kidonge wala sindano. Kilikuwa kirusi kisichomdhuru binadamu, kilichotengenezwa kuwinda vidudu vya homa ya majaruba, vile vinavyoishi kwenye tope la mashamba ya mpunga na ambavyo vilikuwa vimeshazishinda dawa zote za zamani. Mgonjwa alivuta mvuke wake mara moja tu kutoka kwenye chupa ndogo. Kirusi kikaingia mapafuni, kikala vidudu, kikazaana. Lakini kilikuwa na kufuli. Hakikuweza kuzaana bila sukari moja ya pekee, ambayo haipatikani kwenye chakula chochote, na sukari hiyo ilitengenezwa na kiwanda kimoja tu, cha Tibahai. Mgonjwa alimung'unya kipande kimoja kila siku kwa siku ishirini na moja. Hizo ndizo walizoziita pipi. Ukikosa siku mbili, kirusi kinakufa, na homa inarudi na nguvu mpya.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," Subilaga alisema walipofika mwisho wa ghala, kwenye meza ya dawa. "Mimi sikusoma sana mambo ya maabara. Dawa iko hai, imeshaingia mwilini, inafanya kazi. Nani alikaa akafikiri kwamba ni vizuri ife isipolishwa pipi?"

"Ni mimi," Tusekile alisema.

Mikono ya mama yule ilisimama juu ya meza.

"Mbegu ya kwanza ya kirusi hiki haikuwa na kufuli," Tusekile aliendelea. "Ilikuwa inapita kwa pumzi, mtu hadi mtu. Mmoja akipewa, mtaa mzima unayo, watake wasitake. Hatukujua itafanya nini kwa mtoto aliye tumboni. Hatukujua itabadilika vipi baada ya miaka mitano. Nikasema mtu asipewe dawa na jirani yake bila kuulizwa. Nikaweka kufuli ili kila mtu achague mwenyewe kuanza na kuacha. Wakubwa walikubali siku hiyohiyo. Nilifurahi mno, hata sikujiuliza kwa nini walikubali haraka vile."

Subilaga alivuta aproni ya plastiki kutoka kwenye msumari, akampa.

"Vaa," alisema. "Wa kitanda cha tatu anahitaji kugeuzwa, na wale arobaini lazima tuwapate kabla ya saa sita."

Waliwachagua pamoja. Walichukua wale waliobakiza siku chache kumaliza dozi, kwa sababu pipi chache zingewavusha. Bupe alikuwa na siku kumi na tatu mbele yake. Hakuwa miongoni mwao, na Ambakisye alielewa alipoona wanapita bila kusimama.

*

Kesho yake mchana Tusekile alikuwa Mbeya, ofisini kwa mkurugenzi wa Tibahai, Gaspari Sichone. Walikuwa wameanza kazi pamoja, wakigawana darubini moja, na mpaka leo wakiwa wawili tu alimwita kaka.

"Kaka Gaspari, kiwanda kinatoa pipi kila siku. Nimepita hapo chini, nimeona makasha yamepangwa hadi darini. Kwa nini Kyela inapata za watu arobaini?"

"Makasha hayo yana wenyewe. Serikali nne za nje zilisaini mkataba mwaka jana, pipi zote hadi mwezi wa kumi ni zao. Nikivunja mkataba mmoja, benki inafunga kiwanda. Kikifungwa, hata hao arobaini hawapati." Alikuwa amechoka, na hakuficha. "Nimeomba kwa maandishi wateja wasubiri. Wawili wamekataa, wawili hawajajibu."

"Basi toa kanuni ya sukari. Maabara ya taifa wanaweza kuitengeneza, vyuo vitatu vinaweza. Wape chachu yetu na maelekezo."

"Bodi haitakubali hilo milele, unajua." Gaspari aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Lakini kuna kitu watakikubali. Mbegu ya kwanza bado iko kwenye friji."

Tusekile alisogeza kiti nyuma.

"Ndege mbili za mizigo," Gaspari alisema. "Zinapita juu ya ghala na soko, zinaacha ukungu ambao hakuna atakayeuona. Kwa siku tano Kyela nzima inayo mapafuni. Hakuna kufuli wala pipi. Watu wanapona, na kampuni haijatoa siri yake. Kinachotakiwa ni saini ya mtafiti mkuu kwamba mbegu ni salama."

"Na watu wa Kyela wataambiwa lini?"

"Baadaye. Matokeo yakiwa mazuri."

"Kwa hiyo ni jaribio. Lile tulilonyimwa kibali kila mahali, sasa tukalifanye kwa watu waliozingirwa na maji."

"Liite unavyotaka!" Gaspari alipiga kiganja mezani, kisha akashusha sauti. "Wanakufa tisa kwa siku, Tuse. Nimesoma ripoti zako mwenyewe. Hiyo kanuni ukiitoa leo, pipi zitapatikana baada ya siku ngapi? Kumi na mbili? Kumi na tano? Mbegu huru ni siku tano. Fanya hesabu. Ni watu sitini, huenda na zaidi. Unataka sitini wafe ili uwe umewauliza?"

Hilo ndilo swali Tusekile alilokwenda nalo dirishani. Chini uani, wafanyakazi wa zamu ya mchana walikuwa wanaingia, wengine wakicheka. Alijaribu kutafuta mahali ambapo Gaspari alikuwa amekosea, lakini idadi ilikuwa sahihi. Angeweza kusaini sasa hivi. Bupe angekaa tena kitandani baada ya juma moja. Na safari nyingine, kwa ugonjwa mwingine, mahali pengine penye watu wasio na sauti, ndege zingepita tena, na saini yake ingekuwa mfano wa kuonyesha kwamba hivi ndivyo inavyofanywa.

"Sisaini bila kuwauliza," alisema. "Nikimaliza kuwauliza nitakuambia."

"Ukiwaambia, habari itakuwa imetoka."

"Ndiyo."

Kabla ya kuondoka alishuka kwenye chumba cha baridi. Yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya chumba kile. Alitoa mirija miwili ya chachu inayotengeneza sukari, akaiweka kwenye chupa ya barafu, kisha akafungua daftari la mlangoni na kuandika kwa herufi zinazosomeka: *Dk. T. Mwakalobo, mirija miwili ya chachu, napeleka Kyela.* Askari wa zamu mlangoni alisoma, akamtazama.

"Hapa pa sababu hujaandika kitu, mama."

Tusekile aliandika: *Kwa ajili ya wagonjwa.* Akiwa kwenye treni, alituma kanuni nzima ya sukari kwa maabara ya taifa na kwa vyuo vitatu, akaweka jina lake chini ya kila barua.

*

Mkutano ulifanyika asubuhi iliyofuata kwenye uwanja wa kuanikia kakao, mbele ya ghala. Walikuja ndugu wa wagonjwa, wajumbe wa mitaa na watu waliokuwa bado wazima. Tusekile alisimama bila kipaza sauti. Alieleza kufuli ni nini na nani aliliweka. Alieleza mbegu huru, ndege mbili, siku tano. Alieleza njia ya pili, kutengeneza pipi wenyewe, ambayo ingechukua siku kumi na mbili kama kila kitu kingekwenda sawa. Mwisho akaitaja ile idadi.

"Sitini," alirudia, kwa sababu watu wa nyuma hawakusikia. "Huo ndio ukweli. Tukingoja pipi, watu kama sitini watakufa ambao mbegu huru ingewaokoa."

Ambakisye aliruka juu. "Sasa tunajadili nini? Mke wangu yuko humo ndani! Lete hizo ndege leo!"

Wengi walimuunga mkono kwa kelele. Kelele zilipopungua, alisimama mama kijana mwenye mimba kubwa, mwuza mchele wa sokoni aliyeitwa Ikupa.

"Daktari, mimi siumwi. Hiyo dawa umesema haijajaribiwa kwa wajawazito. Nikiikataa, itaniacha?"

"Haitakuacha. Haina namna ya kukuuliza. Atakayekusalimia sokoni atakupa."

"Na nikihama leo nikaenda Karonga kwa shangazi, ng'ambo ya mpaka?"

"Itakufuata ndani ya mwezi mmoja au miwili."

"Kwa hiyo hata wa Karonga watapata. Na wa Tukuyu. Nani amewaita hao mkutanoni?"

Watu waligeukiana. Mzee mmoja alisema wa Karonga watashukuru wakipona. Mwanamke mwingine akamjibu kwamba yeye amemzika kaka yake juzi na bado hataki mtu aje kumpulizia kitu puani kwa siri. Walibishana kwa saa nzima, wengine wakilia. Mikono ilipoinuliwa, ilikuwa nusu kwa nusu, na Subilaga aliyehesabu alirudia mara mbili akapata vilevile.

"Basi wewe ndiye mwenye saini," Ambakisye alimwambia Tusekile mbele ya wote. "Sema wewe."

Alikuwa ametegemea, kwa siri, kwamba wangeamua wao na kumtua mzigo. Sasa alielewa kwamba hakuna wa kumtua.

"Sisaini," alisema. "Nusu yenu mmekataa, na kuna watu wengi nje ya hapa ambao hata hawajasikia. Dawa hii ikishatoka hairudishwi. Kampuni yangu ina uwezo wa kuwapa pipi na imeshindwa kutimiza wajibu wake. Siwezi kuirahisishia kwa kuwafanya ninyi kuwa maabara yake. Chachu ninayo hapa. Nitawatengenezea pipi, na kila mtu atakayeimeza ataimeza kwa mkono wake."

"Na Bupe?" Ambakisye aliuliza.

Tusekile alimtazama machoni. "Sijui kama atafika siku kumi na mbili."

Ambakisye alitema chini, akaondoka uwanjani. Watu walimpisha. Ikupa alikaa chini, akajifunika uso kwa khanga.

Baada ya kama saa moja, Tusekile na Subilaga walikuwa wanakagua ndoo za jikoni, wakijiuliza chachu itaoteshwa kwenye nini, ndipo Ambakisye aliporudi na funguo.

"Chachu yako inataka joto gani?"

"Thelathini na moja. Kwa siku nne bila kupanda wala kushuka. Likizidi kwa nyuzi mbili inatoa sukari ya kawaida, haina faida."

"Ushirika una matangi sita. Nimechachusha kakao miaka ishirini. Joto la tangi nalijua kwa kiganja kabla kipimo hakijasoma." Sauti yake ilikuwa ngumu. "Sijakusamehe. Twende."

*

Walifanya kazi usiku na mchana kwa zamu. Matangi yaliyosafishwa kwa mvuke yalijazwa maji ya mchele na molasi. Chachu ya mirija miwili ikawa ndoo, ndoo ikawa tangi, na tangi likagawanywa katika matangi sita. Tusekile alipima kila mchujo kwa kipimo cha kiganjani. Ule wa kwanza ulikuwa mchafu, wakaumwaga wote kwenye mtaro, lita mia nne, watu wakitazama. Ilikuwa siku ya sita.

"Si tungewapa tu?" Subilaga aliuliza, macho yakifuata ule mtiririko. "Hata kama una uchafu kidogo?"

"Ungempa mwanao?"

Subilaga alichukua brashi ndefu, akaingia kusugua tangi.

Bupe alifariki siku ya tisa, saa tatu asubuhi. Ambakisye aliitwa akiwa kwenye tangi la pili. Alikwenda, akakaa na mkewe mpaka ndugu wakaja kumchukua, wakamzika jioni hiyohiyo kwenye kilima cha Ipinda ambako maji hayakufika. Asubuhi yake Tusekile alimkuta amesimama palepale kwenye tangi la pili, kiganja kikiwa juu ya bati.

"Nenda nyumbani, Ambakisye. Tutaangalia sisi."

"Nyumbani kuna nini?" alisema. Kisha, bila kuondoa kiganja: "Ungesaini, angekuwa hai."

"Huenda angekuwa hai."

"Usiniambie huenda."

"Angekuwa hai," Tusekile alisema.

Ambakisye aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakidai. "Punguza moto wa tangi la tano," alisema. "Linapanda."

Siku ya kumi na moja mchujo ulitoka safi. Waliukausha kwenye mikeka ya kakao iliyotandikwa plastiki, wakaukata vipande kwa visu vya jikoni. Pipi za kwanza zilikuwa na umbo baya na rangi ya udongo. Sista Subilaga alipita kitanda hadi kitanda akiuliza kila mmoja kama anakubali kuanza upya, naye Tusekile akamfuata na chupa za mvuke, ambazo kituo hakikuwahi kuzikosa. Walikataa wawili, na majina yao yaliandikwa bila neno la kuwalaumu. Vitambaa vilianza kugeuka kijani siku ya kumi na tatu. Siku ya kumi na tano maabara ya taifa ilituma kasha la kwanza la pipi zake, nyeupe na zilizonyooka, na tangu hapo hazikukatika tena.

Kati ya siku ya tano, ambayo mbegu huru ingekuwa imeshaenea, na siku ile, walikuwa wamekufa watu sabini na mmoja.

*

Kesi ilisikilizwa Mbeya baada ya miezi mitano. Tibahai ilimshtaki Tusekile kwa kuchukua mali ya kampuni na kutoa siri yake. Hakukana. Daftari la chumba cha baridi lililetwa, akaonyeshwa mwandiko, akasema ni wake.

Wakili wa kampuni alitaka zaidi. Alitaka mahakama ione kwamba mama huyu hakuwa mwokozi wa mtu yeyote, na kwa ajili hiyo alimwita Ambakisye kizimbani. Gaspari Sichone alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini, hamtazami mtu.

"Bwana Ambakisye," wakili alianza kwa upole, "mkeo alifariki kituoni Kyela?"

"Ndiyo."

"Kulikuwa na dawa nyingine, ya haraka, ambayo mshtakiwa alikataa kuisaini?"

"Ilikuwepo."

"Na angeisaini, mkeo angekuwa hai leo. Ndivyo?"

"Ndivyo."

Tusekile, akiwa amekaa na wakili wake, hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameshalisema neno hilo mwenyewe kwenye tangi la pili, na hakutaka kulisikia akiwa amejificha.

"Na bado inasemekana unamtetea," wakili alisema. "Utuelezee, kwa nini?"

"Sikuja kumtetea. Nikimwona bado naumia." Ambakisye alishika ukingo wa kizimba. "Nimekuja kusema tulivyotendewa. Huyu alisimama juani mbele yetu akatuambia watu sitini watakufa, na dawa ni hii na hii, mnasemaje. Mimi nilisema ndiyo, mwenzangu akasema hapana. Sikupata nilichotaka. Lakini niliulizwa. Ninyi mlikuwa na makasha hadi darini na ndege tayari, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja Kyela kuniuliza jina la mke wangu."

Wakili alifungua jalada lake, akalifunga, akasema hana swali lingine.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Tusekile alipatikana na hatia. Alinyang'anywa leseni ya utafiti kwa miaka mitano. Kuhusu kanuni ya sukari, hakimu alisema haiwezekani kurudishwa sirini kitu ambacho sasa kinatengenezwa katika maabara kumi na moja, na akaiagiza kampuni ieleze mahakamani, ndani ya siku tisini, nani alipendekeza zile ndege. Gaspari aliinuka kabla hakimu hajamaliza sentensi hiyo. "Nitaeleza leo," alisema, na karani akatakiwa kuandika.

Tusekile hakubaki kusikiliza. Alitoka nje na kumkuta Ambakisye kwenye ngazi, ameshika tiketi mbili za treni ya saa nane.

"Mvua zimeanza tena Kyela," Ambakisye alisema. "Ushirika umenunua matangi manne mapya, na vijana niliowafundisha bado hawajui joto. Hiyo leseni inatakiwa kwa kusugua matangi?"

"Haitakiwi."

"Basi tusichelewe," alisema, akampa tiketi yake.